Neno Zima

Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, Euphrasie alifungua kabati la boila, mtambo wa gesi wa kupashia maji na nyumba joto, kwenye korido ya fleti yake, akapiga magoti, akachungulia kidirisha cha kioo kisichozidi ukubwa wa stempu. Kimoto kilikuwamo. Cha buluu, kidogo, ncha yake ikitikisika taratibu.

"Jambo, Papa Plamedie," alikiambia. "Umelala muzuri?"

Kisha akafunga kabati na kwenda zake kuchemsha chai.

Usimcheke haraka. Wewe nawe una kitu unachokisalimia ukiwa peke yako, ila hujaulizwa. Mama mkwe wa Euphrasie, huko Walungu nje ya mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alikuwa na sharti moja nyumbani kwake: mwenye nyumba akiwa safarini, moto wa jikoni hauzimwi. Jioni hufukiwa kwa majivu, asubuhi hufukuliwa na kupulizwa, hata kama safari ni ya miezi. Msafiri ambaye moto wake bado unawaka, alisema yule mama, ana pa kurudi. Euphrasie aliolewa katika nyumba hiyo, akafundishwa kufukia na kufukua, na mume wake Adolphe kila aliposafiri alirudi.

Vita vilipoingia Bukavu mwaka wa tisini na sita, mume na mke walikuwa barabarani pamoja na nusu ya mji, godoro kichwani, Euphrasie ana mimba ya miezi sita. Mama mkwe alikuwa amebaki nyuma, miguu imemwishia. Adolphe akageuka kumfuata. "Enda tu," alimwambia mkewe. "Nakuya." Nakuja, ndilo neno lake la mwisho, na mgongo wake ndicho cha mwisho mkewe alichokiona. Euphrasie aliangukia Kampala, akajifungua binti, akamwita Plamedie, na miaka miwili baadaye akajikuta London, Kingsbury, mbele ya mtu wa kaunsili, yaani halmashauri iliyompa fleti, mwenye furushi la funguo. Kiingereza alikuwa bado hana. Yule mtu akafungua kabati la boila, akaelekeza kidole kwenye kimoto, akatikisa kichwa na kupunga mikono: hiki hakizimwi, mama, usiku na mchana kinakaa hivi hivi. Katika maneno yote aliyoambiwa mwaka ule, hilo alilielewa bila mkalimani.

Utasema moto wa gesi ya kaunsili si moto wa kuni wa Walungu. Sema. Hata yeye alijua. Lakini mtu aliyepoteza nyumba, mji na mume kwa asubuhi moja hachagui moto. Mara moja tu upepo wa Februari ulipenya bomba na kukizima, naye akakiwasha tena, akajiambia kwamba Adolphe alisinzia kidogo.

Basi Jumatatu moja ya Oktoba, mwaka wa elfu mbili na tatu, barua ya kaunsili ikadondoka mlangoni. Aliisoma kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Boila zote za jengo lile zilikuwa zimezeeka. Alhamisi asubuhi fundi angekuja kuiondoa ya kwake na kufunga mpya, ya kisasa, isiyo na kimoto cha kudumu. Hiyo mpya huwaka inapohitajika tu, ilisema barua kwa majivuno, kisha hujizima yenyewe. Euphrasie akakaa chini na kile kiatu chake, akaanza kuhesabu siku. Zilikuwa tatu.

Sasa lazima nikueleze habari ya simu, maana bila simu hiyo huyu mama angekuwa amelia zamani akamaliza.

Mwezi Juni wa mwaka wa tisini na tisa, Pasta Gires, aliyewafungisha ndoa, alitoka msituni upande wa Shabunda, walikokimbilia wengi wakati wa vita, akiwa mifupa mitupu. Akaenda kwenye kibanda cha simu pale Bukavu, akapiga London. Laini ilikuwa mbovu, sauti inakuja vipande vipande kana kwamba mtu anafungua na kufunga mlango. Euphrasie alisikia jina lake. Akasikia "Shabunda". Akasikia "Adolphe". Kisha upepo, kisha nusu ya neno, "...zima", kisha laini ikakatika. Aliishikilia simu ile mpaka mkono ukafa ganzi. Pasta hakupiga tena, kwa sababu wiki mbili baadaye malaria ilimchukua.

Zima. Sema polepole uone balaa lake. Kama pasta alisema "Adolphe ni muzima", basi mtu yuko hai, yuko mahali, anakuja. Lakini Pasta Gires alikuwa na tabia yake, na kila mwumini wake aliijua: hakupata hata siku moja kusema kwamba fulani amekufa. Aliona neno hilo ni la wapagani. Yeye alisema, "Taa yake imezima." Kwa hiyo Euphrasie alikuwa na nusu ya neno mkononi, nusu yenye uhai wote na kifo chote ndani yake, na aliyekuwa na nusu ya pili alikuwa chini ya udongo.

Ndugu wa Adolphe, Serge, alikuwa akiishi Thamesmead, ng'ambo ya pili ya London. Serge alikuwa na viti. Viti arobaini vya plastiki vyeupe, vimepangwa nyuma ya sofa yake na kwenye korido mpaka wageni wanapita kiubavu. Mkongo yeyote wa London akifiwa, viti vya Serge ndivyo vya kwanza kufika, na watu wakiona gari lake limebeba viti huulizana nani ameondoka. Mara kwa mara alimpigia shemeji yake. "Shemeji, tufanye kilio ya kaka. Viti biko." Naye alijibu vilevile miaka yote: "Viti bikae, Serge." Wazee walisema subira huvuta heri. Wazee hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Euphrasie aliishi katikati ya methali hizo mbili, hajawa mjane na hana mume.

Kazi yake ilikuwa kuwaangalia wazee majumbani. Jumanne, siku moja baada ya barua, alipanda basi namba 183 kwenda Kenton, akakaa ghorofani, kioo kimejaa ukungu wa pumzi za watu. Nje, maduka ya Wahindi ya Kingsbury Road yalipita polepole, sari madirishani, makasha ya maembe yaliyotoka mbali, na jua la asubuhi limelowa kama kitambaa. Alisinzia. Katika usingizi ule mwepesi alimwona Adolphe akifukua majivu kwa kijiti, akifukua, akifukua, na chini ya majivu hamna kaa bali kioo kidogo. Alishtuka basi lilipofika kituo chake.

"Mama Plamedie, wewe chelewa dakika nane," alisema Mzee Hemant kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. "Gari moshi hapana ngoja mtu."

Hemant alizaliwa Kisumu. Miaka ishirini na moja alikuwa mchochea moto kwenye injini za mvuke kati ya Kisumu na Nakuru, akilisha tanuri kwa sepeto hadi nyusi zake zikakataa kuota tena. Mke wake, Hansa, alifariki hapa London mwaka wa tisini na mbili, na mwili wake ukachomwa, kwa desturi ya Kihindu, katika tanuri la kubonyeza batani. Baada ya hapo, na sababu yake hakumwambia mtu, yule mzee alianza kwenda kwa mtawa mmoja wa Kibuddha kutoka Sri Lanka kujifunza Kipali, lugha ambayo maneno ya Buddha yalihifadhiwa ndani yake. Hakutaka dini mpya. Alitaka maneno ya moto tu. Aliyaandika katika daftari, na macho yalipoingiwa na ukungu akamwomba mtunzaji wake amwandikie, kwa kuwa Euphrasie alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bukavu na mwandiko wake ulinyooka. Waliongea Kiswahili, yeye kile cha stesheni na dukani, Euphrasie kile cha Kivu, na pale vilipogongana walicheka.

Katika miezi saba ya kumwandikia, Euphrasie alikuwa amejifunza mambo ya ajabu bila kukusudia. Kwamba siku moja Buddha aliwaambia watawa waliowahi kuabudu moto: kila kitu kinaungua. Jicho linaungua, sikio linaungua, ulimi unaungua. Unaungua kwa nini? Kwa moto wa tamaa, moto wa chuki, moto wa ujinga. "Tatu," Euphrasie alisema siku ile, "kama mafiga." Mzee akafurahi mno, akamwamuru aandike mafiga pembeni. Na kwamba kulikuwa na neno *upadana*, lenye maana mbili: kuni, na kushikilia.

"Mimi najua hii kabla ya kitabu," Hemant alisema. "Moto nashika kuni. Kuni nashika moto. Nani askari, nani mfungwa? Hapana jua. Yote mbili kwisha fungwa."

Jumanne hiyo walifika ukurasa wa mwisho. "Leo neno kubwa," alisema mzee. "*Nibbana*. Hii iko moto kwisha kufa. Kwa Kiswahili nasema nini?"

"Moto haikufi, Papa Hemant. Inazimika."

"Andika. Zima. Sasa fungua dikshonari, soma yote."

Ilikuwa kamusi ya zamani, ya Kisumu, imeliwa pembeni na mende wa nchi nyingine. Euphrasie akasoma: zima, fanya moto au taa isiwake. Kidole chake kikashuka mstari mmoja. Zima, isiyopungua, yenye afya, hai. Kidole kikasimama hapo.

Hemant alipiga paja. "Eh! Neno moja, moto nakufa! Neno hiyo hiyo, mtu iko hai! Kiswahili kwisha shinda Kipali! Andika, mama, andika!"

Lakini kalamu haikusogea. Mzee hakuweza kuona uso wake vizuri, akasikia tu pumzi yake imebadilika, akaacha kucheka. Ndipo Euphrasie alipomsimulia yote, barabara, kimoto, simu, nusu ya neno, na barua ya Alhamisi. Hakuwahi kumsimulia mtu. Alisimulia akiangalia kamusi, kana kwamba anasoma.

Hemant alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafanya kosa ambalo wasomi hulifanya, hata wale waliosomea kwenye sepeto: akatoa jibu la kitabu.

"Mtu moja uliza Buddha," alisema. "Mtu kama wewe kwisha fika mwisho, akifa nakwenda wapi? Yuko? Hayuko? Buddha nasema, moto mbele yako kwisha zimika. Sasa niambie, moto kwisha kwenda upande gani? Mashariki? Magharibi? Kaskazini? Kusini? Yule mtu nasema, swali hii hapana faa. Moto nawaka sababu ya kuni. Kuni kwisha, moto kwisha zima. Hapana upande."

"Kwetu tunasema imeenda," Euphrasie alijibu, sauti ikiwa chini. "Kule Bukavu hata umeme ni moto. Ikikatika, mutaa wote: moto imeenda! Ikirudi, batoto banapiga kelele: moto imerudi!"

"Na hakuna mtu nauliza imekwenda wapi?"

"Hakuna."

"Sababu gani?"

Hapo ndipo alipowaka. "Sababu ile ni moto! Adolphe ni mutu! Ana jina, ana mama, ana kovu hapa ku kidevu. Bwana yangu si kuni ya daftari yako!" Akasimama, kiti kikaanguka. "Wewe ulimuzika bibi yako. Ulibonyeza batani, akaenda, ukajua siku, ukajua saa. Mi sina hata siku ya kulilia. Usiniambie hapana upande."

Akampikia wali na dengu, akampa vidonge vyake, akamfunika miguu kwa shali.  Mzee alikuwa ameugeuzia uso dirishani, na mikono yake, iliyozoea kushika kitu kizito, ilikuwa wazi mapajani.

Jioni Euphrasie alimchukua Plamedie shuleni. Mtoto huyo wa miaka sita alielewa Kiswahili chote cha mama yake na hakujibu hata neno moja kwa lugha hiyo. Kila kitu Kiingereza, hata akipigwa na baridi. Nyumbani, wakati mama akimenya ndizi, Plamedie akatoa mchoro kwenye mkoba. Mwalimu aliwaambia wachore familia.

Euphrasie akafuta mikono kwanza. Kulikuwa na mama, mwenye kitambaa kichwani na miguu mirefu. Kulikuwa na Plamedie mwenye viatu vyekundu. Na pembeni kulikuwa na kabati, na ndani ya kabati mtu mdogo wa buluu, amekunja magoti mpaka kidevuni kwa kuwa nafasi haikumtosha.

"Huyu ni nani?" aliuliza, ingawa alishajua.

Plamedie alimjibu kwa Kiingereza, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayetaja rangi ya mlango wao. Ni Papa. Anaishi kabatini. Kila siku mama anamsalimia na yeye humsalimia pia akirudi shule, ila hajibu, kwa sababu pale ndani pamebana. Kisha akauliza jambo alilokuwa amelingojea tangu Jumatatu, tangu alipomsikia mama akiisoma barua kwa sauti. Alhamisi wakimzima, atatoka?

Euphrasie aliuweka mchoro mezani. Aliona haya, haya ya moto usoni, kisha akaona huruma iliyomuuma kuliko haya. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Alidhani alikuwa akimtunzia mume moto wa kurudia, kumbe miaka yote alikuwa akimlea binti wa mfungwa. Alimtazama yule mtu wa buluu aliyekunja magoti, na kwa mara ya kwanza hakuona mtu anayekuja. Aliona mtu anayezuiwa kuondoka.

"Kula kwanza," alimwambia, akarudi kumenya ndizi.

Jumatano ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni mwa nyumba za Kenton. Alifika dakika kumi kabla ya saa. Hemant alikuwa amekaa palepale, daftari limefungwa.

"Mama Plamedie, kaa. Leo hapana andika. Leo mimi nasema, wewe nasikia."

Euphrasie akakaa.

"Hansa, mimi bonyeza batani, kweli. Nyumbani Kisumu mtoto mwanamume nawasha moto kwa mkono, naona moshi, naona mpaka mwisho. Hapa batani. Pazia nafunga. Muziki kidogo. Mimi, mtu ya moto miaka ishirini na moja, mimi hapana ona hata cheche. Mimi rudi nyumbani, mimi uliza, Hansa kwisha kwenda wapi? Sababu hiyo mimi kwenda soma Kipali. Mimi nataka upande. Mashariki, sawa, mimi nageuza kiti." Akacheka kidogo bila furaha. "Siku mimi soma hapana upande, mimi kasirika kama wewe jana. Mimi tupa kitabu chini ya kitanda wiki tatu."

"Halafu?"

"Halafu mimi kumbuka injini."

Akafumba macho, na Euphrasie, kwa sababu ya ukungu nje na joto la chumba, alihisi amefumba naye. Mzee alisimulia jinsi injini ilivyofika Kisumu mwisho wa safari, ziwa jeupe kwa joto, na kazi ya mwisho ya mchochea moto ilikuwa kuushusha moto. Vijana wageni walitaka kuumwagia maji wamalize upesi. Makosa makubwa. Moto wa tanuri haupigwi maji, chuma hupasuka. Unaacha kuulisha. Unafungua wavu chini, makaa yanaanguka shimoni, kisha unakaa pembeni ya injini na kungoja. Chuma kinaanza kupoa. Tik. Tik. Tik. Kila kilichokuwa kimebanwa na joto kinarudi mahali pake.

"Sauti ile tamu kupita king'ora," alisema. "Watu ya zamani ya India nasema hivi: moto nawaka, moto iko mfungwa, nashika kuni, hapana weza achia. Moto nazimika, hapana kufa. Naachiliwa. Napoa. Sisi nalia zimika, kumbe yeye nasema ahsante."

"Kwa hiyo Adolphe alikufa?" Aliuliza wazi, na alishangaa kwamba mdomo wake ulikubali kulitamka.

"Mimi sijui. Wewe hapana jua. Neno yako iko nusu, na nusu hapana kuja tena." Mzee akanyoosha mkono hewani, akautafuta mkono wake, akaupata. "Jana wewe nasema bwana yako hapana kuni. Kweli kabisa. Kuni iko wewe, mama. Wewe na mtoto."

Euphrasie alitaka kukasirika tena akakuta hasira haipo. Alikaa na mkono wake ndani ya ule wa mzee, na ukungu ukapita dirishani, na kwa dakika nyingi hakuna aliyechelewa popote.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, fundi akabisha hodi. Alikuwa mwanamke, jina lake Jane limeshonwa kifuani, spana mfukoni, kofia ya sufu kichwani. Aliipenda kazi yake na alikuwa na haraka nayo. Plamedie, ambaye hakupelekwa shule asubuhi hiyo, alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vyekundu. Hakuna aliyemvalisha. Alikuwa amejiandaa mwenyewe kumpokea mtu.

Jane alifungua kabati, akapiga magoti, akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Tafadhali," Euphrasie alisema kwa Kiingereza chake. "Mimi."

Jane alimtazama, akamtazama mtoto mwenye gauni, akasogea. Hakuuliza.

Euphrasie akapiga magoti mahali pale pale alipopigia miaka mitano. Kimoto kilikuwamo, buluu, kikitikisika.  Akafikiria barabara, godoro, mgongo wa mtu anayerudi nyuma kumfuata mama yake. Akafikiria "nakuya". Kwa muda mrefu alikuwa amelishika neno lile kama ahadi, na sasa ikamjia, taratibu, kwamba labda na neno lenyewe lilikuwa limemshika Adolphe, popote alipo, lisimwache apumzike. Alishika swichi. Ilikuwa ya vuguvugu.

"Enda tu," alisema kwa sauti. "Mi nimekuachilia. Enda."

Akazungusha.

Kimoto kilirefuka kidogo, kikawa cha njano nchani, kikanywea, kikawa hakipo. Kidirisha kikawa cheusi.  Kisha ndani ya boila chuma kikaanza kupoa. Tik. Kimya. Tik. Kimya. Na baada ya nusu dakika, mahali fulani ndani kabisa, kitu kikajiachia chenyewe kwa mlio mzito, kama komeo la mlango linapofunguliwa.

Plamedie alitazama kabati. Akatazama korido. Akakimbilia dirishani, akatazama chini barabarani, akarudi. Hakukuwa na mtu yeyote wa buluu. Akamshika mama yake bega, akauliza, na yule mtoto wa Kiingereza kitupu aliuliza kwa Kiswahili cha Bukavu, kila herufi mahali pake:

"Mama, Papa ameenda wapi?"

Euphrasie alifungua kinywa aseme hajui. Kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa kilio, kile kilio chenyewe cha kwao, kinachoanzia tumboni na kupanda juu, mikono kichwani, kilio cha mke aliyefiwa, kimechelewa miaka saba na hakikupungua hata tone. Jane alidhani mama ameungua. Akamwangalia mikono, akaona si hivyo. Akaweka spana chini polepole, akavua kofia yake, akasimama ukutani kana kwamba na yeye amefika msibani, na kwa hakika alikuwa amefika. Plamedie naye alianza kulia, kwanza kwa woga, kisha kwa sababu yake mwenyewe, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa na baba wa kumlilia.

Walilia mpaka boila ikapoa kabisa.

Halafu Euphrasie akajifuta uso kwa kanga, akaketi sakafuni mgongo ukutani, mtoto mapajani, akavuta simu, akapiga Thamesmead. Serge alipokea mara moja. Alisikia pumzi tu, akashtuka.

"Shemeji? Shemeji, kuna nini? Uko muzima?"

Laini ilikuwa safi, neno lilimfikia lote, bila kukatika. Alilisikiliza mpaka mwisho.

"Niko muzima, Serge," alisema. "Leta viti."